Si lazima uwe umemaliza lisansi

Hapana ndugu, huhitaji kumaliza lisansi (digrii ya kwanza) ndipo uwaongoze wanafunzi wapya kuchagua fakilti. Hapa Lubumbashi tulianza tukiwa L2, mwaka wa pili wa lisansi, maana aliyetoka L1 juzi tu bado anakumbuka kozi zilizomtoa jasho. Ila LMD, mfumo mpya wa masomo (lisansi, masta, doktora), uijue vizuri: mwaka ni kredi 60, lisansi miaka 3, jumla 180. Wakubwa zetu walisoma gradua miaka 3 kwanza, ndipo lisansi, kwa hiyo hesabu zao za G1 na G2, yaani miaka ya gradua (wanazipenda sana!), zinawapoteza wadogo. Tena usimwahidi mtu kwamba akihama fakilti kredi zake zote zitahesabiwa. Hilo huamuliwa anakohamia, mpeleke kwa sekretari wa fakilti hiyo.