Ukija Ely kuendesha sleji ya mbwa

Majira ya baridi yakikaribia, ndugu zetu wa Minneapolis na St. Paul huanza kuniuliza kuhusu safari za mbwa kule Ely, kaskazini mwa Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Wengi wameona picha ya mtu aliyeketi kwenye sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, blanketi magotini, mbwa wanakimbia mbele. Hiyo ni matembezi ya watalii wa saa moja. Safari ya kulala nje na kikundi ni kazi: utawavisha mbwa mikanda, utasukuma sleji mlimani, utapasua kuni, utatoboa barafu ya ziwa kupata maji. Kiongozi yupo kukufundisha na kukulinda, si kukuhudumia. Anayelijua hilo kabla ya kulipa hufurahi. Asiyelijua hununa hadi siku ya pili.

Kinachowatesa wageni wetu zaidi ni jasho. Mtu aliyezaliwa Mombasa au Bukavu akiogopa baridi huvaa kila alichonacho, kisha anasukuma sleji mpaka fulana inaloa. Mbwa wakisimama kupumzika, ule unyevu unamnyang'anya joto lote, na hapo hata koti la bei mbaya halifui dafu. Kwa hiyo vua kabla ya kazi, hata kama unasikia kibaridi, na uvae mara tu unaposimama, usingoje kutetemeka. Ukiondoka kambini ukiwa na joto zuri, ujue umevaa kupita kiasi. Nguo za pamba ziache nyumbani zote, na chupi, soksi na jinzi zimo humo. Vaa sufu au poliesta. Buti nazo zisibane, kwani vidole visipoweza kucheza ndani damu haipiti vizuri, na kuongeza soksi kunazidisha tatizo. Waandaaji wengi huazimisha wageni buti, koti la nje na mfuko wa kulalia, basi uliza kabla hujaenda dukani.

Kuna jambo kuhusu ngozi kuganda kwa baridi ambalo maelekezo ya kawaida hulisahau. Wanakwambia utazame ngozi iliyokuwa nyekundu ikigeuka nyeupe. Kwetu sisi weusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyofifia na kuwa ya kijivu, ngumu kidogo, isiyosikia ukiigusa, hasa puani, masikioni na kwenye vidole. Majeshi ya Marekani na Uingereza yameona kwamba askari weusi huumia na baridi kwa wingi kuliko wenzao weupe, kwa hiyo kusema "vidole vyangu vimekufa ganzi" si udhaifu. Sema mapema. Mwenzako wa sleji mwelekeze tangu asubuhi aangalie nini usoni pako. Wenye rasta au misuko minene wajaribu kofia nyumbani. Isipofunika masikio vizuri, tafuta nyingine.

Sasa mbwa. Kabla ya kuondoka wote wanabweka, wanaruka, wanavuta kamba, na mgeni hudhani ni wakali. Ni hamu tu. Nanga ya theluji, yaani chuma kinachoizuia sleji isiondoke, ikishang'olewa wananyamaza ghafla, ukabaki unasikia sleji ikiteleza. Sheria ya kwanza ni kutoachia mpini. Ukianguka, shikilia hata ukiburutwa, kwa sababu hawa hawatageuka kukufuata. Kwenye mteremko kanyaga breki ili kamba isilegee. Sleji ikiwagonga mbwa wa nyuma inaweza kuwavunja miguu. Amri ni chache: "jii" kwa kulia, "hoo" kwa kushoto, na wanaozisikiliza ni mbwa viongozi walio mbele kabisa. Mlimani shuka usukume. Ukizembea, kuna mbwa atageuza shingo akutazame, na mimi nasema anajua. Halafu wanajisaidia huku wakikimbia, na upepo unakuja kwako. Utazoea.

Waislamu wengi huniuliza kuhusu mate ya mbwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, kugusana kukiwa kukavu hakunajisi, tatizo ni unyevu. Wanaolijali hilo hutenga nguo safi ya kuswalia ndani ya mfuko usioingiza maji, na humwambia kiongozi mapema kwamba wangependa kazi za kamba na kuni kuliko za kulisha. Sijaona aliyekataliwa.

Ziwani usiache njia iliyopimwa na kiongozi. Barafu safi ya sentimita 10 hubeba mtu anayetembea, na katikati ya majira huwa nene zaidi ya hapo, ila unene haulingani kila mahali. Karibu na mito na kwenye milango ya maziwa maji yanatembea chini na barafu huwa nyembamba. Kero ya kila siku ni rojo la maji na theluji. Uzito wa theluji hukandamiza barafu, maji hupanda kupitia nyufa, na theluji ya juu huyazuia yasigande. Buti likizama humo, lizungushe haraka kwenye theluji kavu ya unga ili inyonye maji, kisha likung'ute.

Usiku, kula kabla ya kulala, tena chakula chenye mafuta: siagi, jibini, karanga. Nenda haja hata kama hujabanwa, kwa maana saa nane za usiku utajuta. Jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, iingize miguuni mwa mfuko. Soksi za kesho, betri na kiberiti cha gesi vilale nawe, maana gesi ikipoa kiberiti hakiwaki. Pua na mdomo vibaki nje, ukipumulia ndani mfuko unalowa.

Kuhusu tarehe, wa mara ya kwanza namshauri mwisho wa Februari au Machi, siku zinapokuwa ndefu na jua lina nguvu kidogo. Januari usiku kushuka chini ya -30°C si ajabu, na Tower, mji jirani wa Ely, ndiko kulikopimwa baridi kali kuliko zote jimboni, -51°C, tarehe 2 Februari 1996. Waambie kazini kwamba hutapatikana kwa simu. Sehemu kubwa ya Boundary Waters, lile pori la maziwa karibu na Ely, haina mtandao, na hata betri ikiwa imejaa, baridi itaizima kabla ya chakula cha mchana.