Binti Yangu Anauhama Mji wa Jua: Je, Nimpe Radhi?

SWALI

Assalaamu alaykum, Mshauri. Mimi ni mama mtu mzima, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga. Binti yangu ni muuguzi, na kwa miaka mingi sasa anaishi San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, pamoja na mumewe, ambaye ni dereva wa malori, na watoto wao wawili walio shule ya msingi. Moyo wangu ulikuwa umetulia kuhusu mji huo, kwa kuwa kila aliponitumia picha niliona bahari, mitende na watoto waliovaa nguo nyepesi, nikajiambia kwamba wajukuu zangu wanakulia mahali panapofanana na Raskazoni. Sasa ananieleza kwamba wanataka kuhamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwa sababu kodi ya nyumba imewaelemea na kwa sababu kaka wa mkwe wangu anaishi huko na familia yake. Nimesikia kwamba huko maziwa huganda hata magari yakapita juu yake. Binti anasema hatoki mpaka nimpe radhi. Je, baridi hiyo haitawadhuru watoto? Ni kweli watapata nafuu ya maisha, au watakuwa wameruka majivu na kukanyaga moto? Na leseni yake ya uuguzi, aliyoihangaikia mno, itamfaa huko?

Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Waalaykumu salaam, mama. Uliyoyasikia kuhusu maziwa ni kweli. Magari hupita juu ya barafu, na watu huweka vibanda humo wakavua samaki kwa kutoboa tundu. Hata hivyo nitaanza na kodi ya nyumba, kwa kuwa ndiyo inayowahamisha wanao, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kupimwa kwanza.

San Diego ni mji uliobanwa. Magharibi ni bahari, kusini ni mpaka wa Mexico, na hali yake ya hewa inawavuta watu wenye fedha kutoka kila upande, hivyo kodi zake ni miongoni mwa zilizo juu kabisa Marekani. Minneapolis iko kwenye nchi tambarare yenye nafasi. Zaidi ya hayo, mwaka 2018 baraza la jiji hilo lilipitisha mpango uliofuta utaratibu wa kutenga mitaa mizima kwa nyumba za familia moja tu, na jiji likaendelea kujenga majengo mengi ya kupangisha. Nyumba zikiwa nyingi, wenye nyumba hukosa nguvu ya kupandisha kodi watakavyo. Kwa hiyo hesabu ya mkwe wako kuhusu nyumba ina msingi.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na hapa naomba umuulize binti yako kwa upole kama ameutazama. California ndiyo jimbo linalowalipa wauguzi mishahara ya juu kuliko majimbo mengine ya Marekani, kwa hiyo akihama mshahara wake huenda ukapungua. Kodi ya mapato nayo haitamwokoa. Wengi hudhani kwamba kila anayetoka California anakimbia kodi, jambo ambalo lina ukweli kwa anayehamia Texas au Florida, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato kabisa. Minnesota inatoza, tena kiwango chake cha chini ni asilimia 5.35, wakati cha California kinaanzia asilimia 1, ingawa kwa matajiri California ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi. Familia ya muuguzi na dereva isitarajie nafuu mlango huo. Nafuu yao itatoka kwenye nyumba, kwa hiyo waweke kwenye karatasi mishahara miwili waliyoahidiwa kwa maandishi, watoe kodi za serikali, watoe pango, watoe malezi ya watoto baada ya saa za shule na gharama za gari, kisha walinganishe kinachobaki na kinachobaki sasa. Mwaka wa kuhama watalazimika kupeleka hesabu za kodi katika majimbo yote mawili, jambo ambalo wageni wengi hulisahau.

Kuhusu leseni, umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Zaidi ya majimbo 40 ya Marekani yana mapatano yanayomruhusu muuguzi kufanya kazi katika jimbo jingine kwa leseni moja, lakini California na Minnesota hazimo. Hii ina maana kwamba leseni ya California haimfikishi binti yako wodini Minneapolis. Hatarudia mtihani, kwa sababu mtihani wa wauguzi waliosajiliwa ni wa taifa zima, ila ataomba leseni mpya kwa bodi ya uuguzi ya Minnesota, athibitishiwe ile ya zamani na achukuliwe alama za vidole. Si kazi ngumu, lakini inachukua muda, na muda huo hauna mshahara kama ameshaacha kazi.

Kuna jambo jingine la kazi yake ambalo naona lina uzito kuliko theluji. California ina sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004 inayoweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi: katika chumba cha wagonjwa mahututi wasizidi 2, na katika wodi ya kawaida ya watu wazima wasizidi 5. Minnesota haina sheria ya namna hiyo kwa hospitali zake zote, hivyo idadi ya wagonjwa hutegemea hospitali yenyewe na mikataba ya vyama vya wauguzi. Muuguzi aliyezoea ulinzi huo anaweza kufika mahali papya akakuta zamu imemlemea, akarudi nyumbani amechoka kuliko alivyokuwa akichoka San Diego, na pango nafuu lisimpe raha aliyoifuata. Basi kabla ya kukubali kazi aulize waziwazi: zamu ya usiku katika wodi hii, muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi? Na ajitahidi kuongea na muuguzi anayefanya kazi humo, kwa sababu majibu ya anayeajiri na ya anayefanya zamu huwa hayafanani.

Sasa tuje kwenye baridi. Baridi tunayoifahamu sisi watu wa Tanga ni ya Lushoto mwezi wa Julai, na ile ya Minneapolis si ya ukoo huo. Usiku wa Januari huko kipimo hushuka kwa kawaida hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na zipo siku zinazoshuka zaidi ya hapo. Upepo ukivuma katika baridi kali, ngozi iliyo wazi, hasa ya masikio na vidole, inaweza kuganda katika muda wa nusu saa. Hata hivyo, watoto wa huko hukua wazima. Asubuhi ya Januari mtoto huvishwa nguo ya ndani ya kubana, kisha nguo zake za kawaida, kisha suruali nene ya theluji, koti, buti, kofia inayofunika masikio na glavu zisizotenganisha vidole, na mzazi mwenye watoto wawili hujifunza kuanza kazi hiyo mapema, kwa kuwa mmoja akishavishwa kila kitu hapo ndipo hukumbuka kwenda chooni. Ndani ya nyumba kuna joto, na sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba anayedhibiti joto la jengo ahakikishe halipungui nyuzi 20 kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kwa miezi hiyo pia kuna kanuni inayomlinda mtu aliyekubaliana na kampuni namna ya kulipa deni lake asikatiwe huduma ya kupasha joto. Katikati ya jiji majengo mengi yameunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa, yaliyoanza kujengwa mwaka 1962, na mtu anaweza kutembea mwendo mrefu bila kutoka nje.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni giza. Hapa kwetu mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, lakini Minneapolis mwishoni mwa Desemba hauzidi saa 9, na jua huzama kabla ya saa 11 jioni. Mtu wa pwani anaweza kuustahimili ubaridi kwa makoti, kisha akalemewa na giza bila kujua kinachomsumbua: usingizi mwingi, uzito wa kuamka, kukosa hamu ya kuongea na watu. Hali hii ni ugonjwa unaotambulika, ulioelezwa na daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, na una tiba zake, ikiwemo kukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali. Pia watu wenye ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D kwa shida katika jua hafifu la huko, kwa hiyo wamwone daktari kuhusu vidonge, wao na watoto. Naomba haya uyachukue kwa uzito, kwa sababu binti yako atakapokuambia kwenye simu kwamba amechoka tu, wewe utakuwa na la kumuuliza.

Usiku mrefu huo una kheri yake. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia majira ya baridi, hivyo saumu ya Minneapolis itakuwa fupi kuliko ya Tanga, ingawa miaka itakaposogea ikafika Juni, jua litakuwa linazama kama saa 3 usiku. Na wajukuu zako hawatakuwa wageni kwa dini yao. Minnesota ina jamii kubwa ya Wasomali kuliko jimbo lolote la Marekani, ipo misikiti, yapo maduka ya nyama halali, na mwezi Aprili 2023 Minneapolis ikawa jiji kubwa la kwanza Marekani kuruhusu adhana kwa vipaza sauti katika swala zote tano. San Diego nayo ina Wasomali wengi mtaa wa City Heights, lakini huko wanao hawana ndugu wa damu. Shemeji anayeweza kuwachukua watoto shuleni siku ambayo mama yuko zamu na baba yuko safarini na lori ni jambo ambalo fedha hainunui kirahisi, na mimi naliweka juu ya bahari na mitende.

Kwa hiyo, mama, naona wana sababu ya kweli, lakini bado hawajaijaribu. Mmoja wao aende Minneapolis kwa wiki moja mwezi wa Januari au Februari, si Julai, kwa kuwa Julai kila mtu huupenda mji huo. Afikie kwa shemeji, apande basi asubuhi na mapema, aone nyumba tatu nne, aulize shule, aone gari linavyowaka baada ya usiku wa theluji. Aulize pia utaratibu wa kuegesha magari siku za theluji, kwa kuwa jiji hutangaza upande wa barabara unaotakiwa kuwa wazi na gari lililokaidi huvutwa. Kama bado wanataka baada ya hapo, wahame mwezi wa Juni shule zikishafungwa, watoto wapate marafiki kabla ya baridi. Leseni za udereva za Minnesota zichukuliwe ndani ya siku 60, na mkwe wako aulize mapema masharti ya leseni ya malori. Ikiwa si raia, waiarifu Idara ya Uhamiaji ya Marekani anwani yao mpya ndani ya siku 10.

Radhi yako usiifanye kizuizi. Mpe sasa, lakini mpe pamoja na masharti mawili ambayo mama ana haki ya kuyataka: safari ya Januari itangulie uamuzi, na barua ya kuacha kazi San Diego isiandikwe kabla leseni ya Minnesota haijatoka na mkataba wa kazi haujatiwa saini. Mpigie Jumamosi saa 2 usiku za hapa, ambapo kwake itakuwa asubuhi, mkwe wako naye awepo, na umsikilize amalize kabla hujataja baridi.