Mfumo janja wa umeme hospitalini: sensa ya kwanza ifungwe kitandani kwa mgonjwa

Mkuu mleta mada, kama nimekuelewa, kituo chenu cha Mbagala kinapanuliwa, mnaongeza chumba cha upasuaji na vitanda vichache vya ICU (wagonjwa mahututi), na kuna kampuni imewaletea mfumo janja wenye sensa, yaani vifaa vya kuhisi, wa kuangalia umeme wa jengo zima kwenye simu. Unauliza mnunue sasa au msubiri. Mimi ni fundi umeme, kazi yangu kwa miaka mingi ni matengenezo ya hospitali hapa Dar, za serikali na za watu binafsi. Nunueni, ila si kifurushi kizima, na si kabla hamjagawa upya njia za umeme.

Kwanza nimjibu mdau wa hapo juu anayesema tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha, jenereta ni kuchoma hela. Bwawa lile la mto Rufiji ni la megawati (MW) 2,115, mashine 9 za MW 235 kila moja, na mgao wa 2023 sote tunaukumbuka. Lakini huo ni uzalishaji. Wodi inalishwa na transfoma ya mtaani na waya unaopita katikati ya miembe. Tawi likidondoka, megawati za Rufiji zitabaki huko huko Rufiji. Tena kwenye mitaa iliyosongamana, jioni umeme unashuka mpaka mashine zinagoma kabla hata haujakatika.

Sasa hiyo skrini ya kuonyesha hali ya umeme. Kuna hospitali moja karibu na bahari, jina nalihifadhi, walifungiwa skrini kubwa ofisini kwa mganga mfawidhi. Usiku mmoja umeme ukakatika, jenereta ikawaka yenyewe, skrini ikaandika jenereta inafanya kazi. Wodini giza totoro. Ile swichi ya kuhamisha umeme yenyewe, chenji ova ya otomatiki, ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, ikang'ang'ania upande wa gridi. Manesi wakawa wanawapumulisha wagonjwa kwa kubonyeza mifuko ya hewa kwa mikono mpaka fundi wa zamu alipofika kuihamisha. Skrini haikudanganya: sensa ilifungwa kwenye injini, na injini ilikuwa inazunguka. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia sensa ya kwanza ifungwe kwenye soketi ya kitandani. Ya jenereta itafuata.

Kugawa njia maana yake ni hii. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa sehemu za tiba, IEC 60364-7-710, kinataka vifaa vingi vya dharura virudishiwe umeme ndani ya sekunde 15, na taa ya upasuaji ndani ya nusu sekunde. Jenereta yenye afya inaziweza sekunde 15. Nusu sekunde hakuna injini ya dizeli inayoiweza, hapo ni UPS (mashine ya betri inayoshika papo hapo umeme ukikatika) au betri ya taa yenyewe. Kwa hiyo mnahitaji DB (maboksi ya kugawia umeme) tatu zinazojitegemea: ya UPS, ya jenereta, na ya kawaida. AC za ofisini, birika la manesi na pasi ya kufulia viende kwenye ya kawaida, bila huruma. Nimeshakuta pasi kwenye soketi ya UPS ya ICU. Wekeni soketi za rangi tofauti, halafu mwambieni kila mtu mpaka mfagizi rangi ipi haiguswi.

Chumba cha upasuaji na ICU viwe na transfoma ya kutenganisha, inayotenga umeme wa humo na wa jengo, na kifaa cha kupima insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja. Breka ya kawaida ya kukinga shoti ikihisi umeme unavuja inakata, na ikikata katikati ya upasuaji umemuumiza mgonjwa kwa njia nyingine. Kwenye mfumo wa kutenganisha, hitilafu ya kwanza haizimi kitu. Insulesheni ikishuka kufikia kiloomu 50 (kipimo cha ukinzani wa umeme), king'ora kinalia ukutani, daktari anamaliza kazi yake, fundi anatafuta mashine yenye kosa baadaye. Tatizo ni kwamba kile king'ora kina kitufe cha kunyamazisha. Sista wa zamu anabonyeza, kelele inaisha, taa ya njano inabaki inawaka wiki nzima. Hapa ndipo huo mfumo janja una maana: king'ora hicho kimfikie fundi kwenye simu, na kisifutike mpaka aandike amefanya nini.

Betri za UPS zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya hapo, umri wa betri za risasi unakatika nusu. Sasa fikiria kastoo chini ya ngazi, mwezi wa pili, Dar hii. Sensa ya joto ya bei ndogo humo ndani itawaokolea hela kuliko hiyo skrini.

Sensa nyingine ninazozikubali: kiwango cha dizeli, volti ya betri ya kuwashia jenereta (ikifa hiyo, jenereta nzima ni pambo), na friji ya chanjo, nyuzi 2 mpaka 8. Basi. Na ruta iwe kwenye UPS! Mahali pengi umeme ukikatika ruta inazimika nayo, taarifa ya kukatika umeme inakosa njia ya kutoka. Tumieni SMS pia, na laini za mitandao miwili.

Msikubali kipengele cha kuzima saketi za ICU au mashine za oksijeni kwa simu. Wauzaji wanakisifia sana. Mimi nataka mfumo unaoona, wa kuzima abaki mtu aliyesimama mbele ya DB. Na mfumo huo usikae kwenye WiFi moja na ya wageni, wala kwa nywila iliyotoka nayo kiwandani.

Kuhusu majaribio, kuwasha jenereta kila Jumatatu bila mzigo hakuthibitishi chochote, na dizeli isiyoungua inajaa kwenye ekzosi. Wamarekani kwenye kiwango chao cha jenereta za dharura, NFPA 110, wanataka dakika 30 kila mwezi kwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wa jenereta. Fanyeni hivyo kwa kukata maini switchi kweli, mchana, wodi ikiwa imeambiwa, mtu akiwa amesimama kando ya kitanda na saa mkononi, anahesabu sekunde.

Kama mna mchoro wa DB za sasa, weka hapa, ficha jina la kituo. Andika pia ukubwa wa jenereta kwa KVA na kama autoklevu yenu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke) ni ya fezi tatu, maana hiyo peke yake inaweza kubadilisha hesabu yote.