Kabla hujapiga picha ya mlango wa Mji Mkongwe

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha za safari nilipita uchochoro mmoja wa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikaona mlango ulionisimamisha. Misumari yake ya shaba ilikuwa imefifia, mfaa, ule ubao wa katikati ya mbawa mbili za mlango, umechongwa maua, na kizingiti kimelika kwa nyayo mpaka kimeingia bonde. Nikapiga, nikaiweka mtandaoni na jina la uchochoro. Picha ilipendwa sana. Niliporudi baada ya miezi kadhaa nikakuta foleni ya wageni, mmoja kauegemea mlango, mwingine kapanda barazani na viatu vyake. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, alifungua upande mmoja, akatuona, akafunga. Nilipobisha hodi baadaye na kumweleza kuwa ni mimi, alisema, "Mwanangu, siku hizi hata nikitaka kwenda Darajani navizia wapungue."

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, jina la mahali ni sehemu ya picha, nalo lina uzito kuliko lenzi yoyote. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na wengi wao hupita Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wenye mabegi hupishana kwa shida. Kwa nyumba za watu, andika "Mji Mkongwe" na uishie hapo. Hodi kwanza, salamu, kisha kamera. Ukikataliwa, shukuru uende zako.

Mwanga usiwatie wasiwasi. Nyumba ni ndefu na njia ni nyembamba, kwa hiyo jua kali la mchana likipiga ukuta mweupe wa juu hurudi chini likiwa laini, na mlango hutoka vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mimi lakini hupenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza kahawa anapita na vikombe vinalia, kabla makundi hayajateremka.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni hili: pigeni na maradhi ya nyumba. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua. Nyumba ikigeuzwa hoteli, ikapakwa saruji, ikaongezwa mabafu juu, unyevu hunaswa ndani ya ukuta na boriti zinaoza kimyakimya. Utaona kwanza rangi inabambuka, halafu ufa unaopanda kutoka pembe ya dirisha. Hiyo ndiyo picha ya kupiga, tena mwaka kwa mwaka, kutoka pale pale uliposimama mara ya kwanza.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Usiku ule nilifungua maktaba yangu ya picha. Nilikuwa na jumba lile wakati wa machweo, jumba na ngalawa, jumba na watoto wanaopiga mbizi Forodhani. Za nguzo, viungo vya roshani na nyufa zilikuwa chache mno. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mkunazini, penye sanamu za watumwa za msanii Clara Sörnäs, msimpange mteja wenu acheke shimoni kati ya zile shingo zenye minyororo. Hata akiwa amelipa. Mwambieni kwa adabu, wengi huelewa mara moja.

Yule bibi wa Kiponda nilifuta jina la uchochoro wake, nikampelekea picha iliyochapishwa. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole penye kizingiti, akasema bonde lile ni la miguu ya babu yake. Kisha akaniagiza nakala nyingine kwa ajili ya mwanawe aliyeko Maskati. "Lakini hiyo," akasema, "umpelekee mkononi, usiitie mtandaoni."