Betri moja ya gari kwa nyumba nzima?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Kihonda, Morogoro, mimi, mume wangu na watoto wawili. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, na ukikatika magharibi basi mpaka usiku wa manane. Muuza duka anataka kuniuzia inveta ya wati 1000, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri ya gari ya saizi ya N70. Anasema itabeba taa nne, feni, TV, king'amuzi, ruta na friji. Mume wangu anasema bora jenereta. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo betri usinunue.

Wati 1000 zilizoandikwa kwenye inveta ni kiasi cha mzigo inachoweza kubeba kwa wakati mmoja. Itabeba kwa muda gani, hilo ni suala la betri. Tupige hesabu. Taa nne za LED za wati 9 ni 36. TV ya inchi 32 tuseme 50, feni 55, king'amuzi 15, ruta 10. Jumla wati 166, na friji bado. Kwa saa sita unahitaji kama wati-saa 1000, yaani wati 166 mara saa sita, na kwa kuwa inveta yenyewe hula kidogo, weka 1200.

N70 ina volti 12 na ampea-saa kama 75; ukizidisha unapata wati-saa 900. Lakini betri ya gari imetengenezwa kupiga stata, itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe tena. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, haimalizi mwaka. Kwa hiyo una 450 tu za kutumia, na taarifa ya habari ikiisha, nayo imeisha.

Unachohitaji ni betri ya sola, ile inayovumilia kushushwa taratibu, ya ampea-saa 200. Mara volti 12 ni wati-saa 2400, na nusu yake ni zile 1200 zako. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inakaribia hapo hapo, kwa sababu yenyewe unaweza kuitumia asilimia 80 na zaidi bila kuiumiza. Ni ghali kununua, lakini hudumu miaka mingi zaidi. Mimi fedha ningeiweka hapo, inveta ibaki ndogo.

Halafu kuna jambo wauzaji wengi hawaligusi: chaja iliyomo ndani ya inveta. Niliwahi kuitwa nyumba moja kuambiwa betri mpya "ni feki". Betri ilikuwa nzima. Chaja ilikuwa ya ampea 10 kwa betri ya 200, na umeme ulikuwa ukirudi saa chache tu kwa siku, hivyo haikujaa hata mara moja tangu inunuliwe. Betri yako ya 200 itafutie chaja ya ampea 20 hivi. Ukichukua lithiamu, hakikisha chaja ina mpangilio wa lithiamu.

Friji iache nje ya mpango. Injini yake inapowaka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, na inveta ndogo italia alamu au izime. Tena haina shida hiyo unayoihofia: friji isiyofunguliwa hukaa na ubaridi saa nne hivi, na friza iliyojaa hufika siku mbili. Jaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji zigande, kisha wakataze watoto kuchungulia. Kinachoua friji ni umeme unaporudi kwa kishindo. Nunua friji gadi. Ni bei ndogo, na husubiri dakika chache kabla ya kuiwasha. Kama huna, chomoa plagi umeme unapokatika.

Shemeji hajakosea kabisa. Kama mngekuwa mnauza samaki wa friza, ningemuunga mkono. Kwa taa na TV, jenereta ni kelele na petroli ya bure. Akiinunua, ikae nje, mbali na madirisha, si kwenye korido wala stoo: moshi wake una gesi isiyonuka inayoua watu usingizini. Na asikubali fundi amfungie waya wenye plagi dume pande zote mbili achomeke kwenye soketi. Umeme huo hurudi hadi kwenye nguzo na kumuua anayetengeneza laini. Lazima kuwe na swichi ya kubadilishia, iwe jenereta au gridi, kamwe visikutane.

Fundi akija kufunga inveta, mwambie atenge laini ya taa na soketi mbili tu. Ukiiunganisha nyumba nzima, kuna siku mgeni atachomeka pasi. Waya wa kutoka betri kwenda inveta uwe mnene na mfupi, wenye fyuzi karibu na betri, maana wati 1000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Akija na waya mwembamba wa taa, mpe chai, kisha mtafute mwingine.