Maswali ya wasomaji: Mama mkwe hataki kurudi kwa mshauri

SWALI: Mama mkwe wangu ni Mtwa, wa jamii ya wenyeji wa msituni. Alikimbia vita toka Kalehe, sasa yuko kwetu. Usiku halali, anashtuka ovyo. Kwenye kituo cha afya msaidizi wa kisaikolojia alimpa daftari aandike yaliyompata, na mwenye kumtafsiria ni jirani yetu. Baada ya mara mbili akagoma. Tumlazimishe? — Msomaji, Bukavu

JIBU: Msimlazimishe, dada. Mama ana haki: hajui kuandika, na siri yake inapitia kinywani mwa jirani.

Daftari si lazima. Utafiti uliochapishwa 2013 ulifanyika huku huku mashariki ya Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa au walioshuhudia ukatili wa kingono, wengi wao wakiwa wamesoma kidogo sana. Walikuwa na kikao 1 cha mtu peke yake, kisha 11 vya kikundi cha watu 6 hadi 8. Mazoezi yalirahisishwa wayashike kichwani, na walipona vizuri kuliko waliopewa msaada wa kawaida. Basi mwombeni msaidizi afanye kwa mdomo, kwa vidole vitatu: kilichotokea, nilichowaza, nilichohisi. Mfano: mbwa amebweka, nikawaza “wamerudi”, mwili ukatetemeka. Kidole cha katikati, yaani wazo, ndicho kinachochunguzwa pamoja, polepole.

Mkalimani ndiye anayeharibu zaidi. Muulizeni mama analia kwa lugha gani, Kihavu, Mashi au nyingine, kisha mtafute mwanamke wa mtaa mwingine. Wajukuu wasitafsiri kabisa. Mtoto atabeba mzigo usio wake. Mkalimani akae pembeni, msaidizi amtazame mama. Mkalimani atafsiri “nilikimbia”, asiseme “anasema alikimbia”. Mama akiongea dakika mbili na mkalimani akatoa maneno matatu, msaidizi asimamishe aulize.

Jambo jingine linasahauliwa. Batwa wengi walifukuzwa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970, na wengi wamezoea kudharauliwa hata penye foleni ya dawa. Mama akilia juu ya msitu, aachwe aulilie: dawa, chakula na makaburi ya wazee vilibaki kule. Kumvuta haraka kwenye habari za vita, siku ya kwanza, kunamfunga mdomo.

Akisema anataka kufa, au akikataa kula, msingoje kikao: mpelekeni siku hiyo hiyo kwenye kituo cha Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, na asiachwe peke yake njiani.