Baraza moja la chifu latosha?

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni afisa wa afya ya umma huku Kisauni, Mombasa, na nasomea shahada ya uzamili. Nataka kutafiti mazalio ya mbu wa homa ya dengi kwenye mapipa ya maji ya majumbani, na kuwatoa wakazi damu kidogo ya kupima. Kamati ya maadili imenirudishia pendekezo, yauliza jamii imeshirikishwa vipi. Msimamizi wangu asema niitishe baraza moja kwa chifu, nichukue sahihi za wazee wa mtaa, basi. Yatosha? Na nikiunda kamati ya wakazi, niwalipe?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Haitoshi, na kamati imekufanyia hisani kuuliza mapema. Baraza ni mahali pa kutoa habari. Mshirika ni mtu awezaye kubadilisha jambo katika utafiti wako. Chukua pendekezo lako leo, upige mstari chini ya kila kitu ambacho bado unaweza kukigeuza: saa za kuzuru nyumba, idadi ya ziara, nani abishe hodi, majibu yarudi vipi. Ukikosa hata kimoja, basi unaomba ruhusa tu.

Na ruhusa ya chifu haisimami mahali pa ridhaa ya mtu. Wazijua nyumba zetu za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake. Mwenye nyumba aweza kukukaribisha uani, lakini damu ya mpangaji si yake kuitoa. Hata pipa la uani uliza ni la nani, maana mara nyingi wanalitumia watu wa vyumba vitatu, na anayejua lilisuguliwa lini ni mama mmoja ambaye saa nne asubuhi hayupo barazani, yuko foleni anasubiri mkokoteni wa maji.

Sasa nije kwenye jambo linalonihangaisha zaidi katika barua yako: wewe ni afisa wa afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inayahesabu mazalio ya mbu kuwa kero, na kero yaweza kumfikisha mwenye nyumba mahakamani. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika kikosi kilichoingia mtaa mmoja wa kisiwani na tochi na fomu, barua ya chifu mkononi. Kufika nyumba ya tano, mapipa yalikuwa yameshamwagwa mtaa mzima. Watu walidhani tumekuja kuwashitaki. Tulipoteza takwimu za siku ile, na wao wakapoteza maji waliyoyanunua kwa pesa. Mpaka leo naona ile ya pili ndiyo hasara kubwa. Laiti tungeketi kwanza na akina mama watano, wangetuambia.

Kwa hiyo wewe ukubaliane na ofisi yako, kwa maandishi, kwamba kiluwiluwi kitakachoonekana kwa ajili ya utafiti hakitamletea mtu samansi. Liandike katika fomu ya ridhaa. Siku ya ziara usivae sare.

Ukimwonyesha msimamizi wako mfano, mpe wa Cambodia. Mwaka 2004 dawa ya tenofovir ilitaka kujaribiwa huko kuona kama inazuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Wanawake wanaofanya biashara ya ngono, ambao ndio wangeshiriki, waliuliza nani atawatibu wakidhurika miaka ya mbele. Hawakuridhika na jibu, na serikali ikausimamisha utafiti kabla haujaanza. Mwaka 2005 wa Cameroon nao ukasimamishwa kwa malalamiko ya aina hiyo. Ndipo mwaka 2007 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi, na AVAC, shirika linalotetea kinga ya Ukimwi, wakatoa mwongozo wa kuwashirikisha wadau katika majaribio ya kinga ya Ukimwi. Utafiti wako ni mdogo mno kuliko ule, lakini swali ni lile lile, na hapa kwetu laulizwa kwa jina la mumiani, yule anayedhaniwa kunyonya watu damu. Usilicheke. Mtu akiuliza damu yapelekwa wapi, mwambie: mililita 5, kijiko kimoja cha chai, maabara fulani, itahifadhiwa muda fulani, kisha itaharibiwa hivi.

Angalia na maneno. Ukisema “tutakupima”, mtu ataelewa kwamba atatibiwa. Mpe rasimu ya fomu mkazi asiye wa fani yetu, akusomee kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake amekubali nini. Pale atakapokwama ndipo pa kuandika upya.

Malipo: ndiyo. Kamati ya wakazi walipe nauli na fidia ya muda, kiwango kimoja kwa wote, kiandikwe katika bajeti na kipitishwe na kamati ya maadili. Atakayefanya kazi ya kuhesabu viluwiluwi mpe ujira wa kazi. Wahudumu wa afya ya jamii wanafaa sana, ila usiwajaze kamati nzima, maana nao wanahesabika kuwa watu wa serikali. Tafuta mpangaji, mwenye nyumba, muuza maji wa mkokoteni, mwalimu wa madrasa, kijana wa mtaa. Wape uwezo wa kusema hapana, na kila hapana iandikwe katika kumbukumbu pamoja na jibu ulilolitoa.

Fanya haya kabla hujalirudisha pendekezo. Likishapitishwa, kila badiliko litahitaji idhini mpya ya kamati kabla hujalitumia, na hapo ndipo watafiti wengi hukata tamaa wakaacha maoni ya wakazi kwenye daftari.

La mwisho, tenga fedha za kurudisha majibu sasa hivi, kwa maana zikiachwa mwisho hazibaki. Dengi ililipuka Mombasa 2013, chikungunya, homa nyingine iletwayo na mbu huyo huyo, ikatuchapa mwishoni mwa 2017 hadi 2018, na watu bado wanaambiwa wafunike mapipa bila kuelezwa kwamba mayai ya mbu huyu hugandia ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga peke yake hakutoshi, pipa lisuguliwe. Hilo waambie siku ya kwanza, usingoje tasnifu yako ipite.